Marehemu Apiga Hodi: “american dream” ya LCD Soundsystem na Walioipokea

Tarehe 1 Septemba 2017 ilikuwa Ijumaa, na hapa Kisumu hapakuwa na mtu aliyehitaji albamu kutoka New York ili acheze. Mahakama ya Juu ya Kenya ilikuwa imefuta matokeo ya uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti, na kuanzia Kondele hadi katikati ya mji watu walijaa barabarani wakiimba, wakipuliza vuvuzela na kupiga honi za bodaboda. Siku hiyo hiyo LCD Soundsystem walitoa “american dream”, albamu yao ya nne, na ya kwanza baada ya miaka 7. Niliipakua asubuhi kabla ya uamuzi kusomwa, lakini sikuweza kuisikiliza kwa utulivu hadi Jumapili. Tangu hapo nimeirudia mara nyingi kuliko albamu nyingine yoyote ya mwaka 2017: kwanza peke yangu, kisha pamoja na marafiki watatu ninaokutana nao mtaa wa Milimani kila mwisho wa juma kwa ajili ya muziki, na hatimaye ndani ya matatu ya Kakamega, vipokea sauti vikiwa masikioni. Nitasema mapema kwamba naipenda, na kwamba sababu zangu hazifanani sana na zile zilizotolewa na wahakiki wa Marekani na Uingereza.

Kwa msomaji ambaye jina hili ni geni, LCD Soundsystem ni kundi la New York linaloongozwa na James Murphy, aliyekuwa na miaka 47 albamu hii ilipotoka, ambaye huandika nyimbo, huimba, na studioni hupiga ala nyingi yeye mwenyewe, ingawa jukwaani husimama na kundi zima, akiwemo Nancy Whang kwenye vinanda na Pat Mahoney kwenye ngoma. Muziki wao ni panki ya densi. Mizizi yake iko mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati baadhi ya vijana wa panki walipogundua kwamba gitaa lenye hasira linaweza kukalia mdundo wa disko au fanki bila kupoteza ukali wake: Gang of Four kule Leeds, ESG kule South Bronx, na Talking Heads, ambao albamu yao ya mwaka 1980, “Remain in Light”, ilitokana kwa kiasi kikubwa na kumsikiliza Fela Kuti wa Nigeria. Damu ya Afrika imo humu tangu zamani, basi, ingawa ilipitia Lagos na wala si Kisumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Murphy na wenzake wa DFA, lebo yao ya kurekodi muziki, waliufufua mtindo huo, wakauongezea kengele ya ng'ombe iliyogongwa bila huruma, na kwa miaka michache ilionekana kana kwamba hakuna kundi mjini New York lililokosa kengele.

Ili kuelewa kwa nini mashabiki wamegawanyika, ni lazima kwanza nieleze habari ya mazishi. Tarehe 2 Aprili 2011, LCD Soundsystem walipiga onyesho la kuaga katika ukumbi wa Madison Square Garden, onyesho lililodumu kwa zaidi ya saa 3. Tiketi zilikuwa zimenyakuliwa na walanguzi kwa kasi iliyomkasirisha Murphy mwenyewe, hata akaongeza maonyesho manne katika ukumbi mdogo zaidi wa Terminal 5 ili mashabiki wa kweli wapate nafasi. Watu walisafiri kutoka mbali, walilia hadharani mbele ya kamera, na mwaka uliofuata filamu ya onyesho hilo ikatolewa, mfano wa kanda ya video ya msiba ambayo jamaa huitazama kila Desemba. Kisha Januari 2016, kabla hata ya miaka 5 kutimia, kundi likatangaza kwamba linarudi.

Kwetu huku Nyanza na Magharibi jambo hili halihitaji kufafanuliwa sana. Mtu amefariki, umeombwa mchango ukatoa, umepanda gari la usiku kwenda kijijini, umekesha, umelia, umekula wali na nyama ya matanga, umerudi kazini Jumatatu macho yakiwa mekundu. Miaka inapita, kidonda kinapona, na siku moja marehemu anapiga hodi, mzima wa afya, tena amebeba gitaa na anauza tiketi. Utafurahi kumwona, bila shaka, lakini hutaacha kuukumbuka ule mchango.

Ndivyo walivyohisi mashabiki wengi, na kwa heshima yake Murphy hakuwacheka. Aliwaandikia barua ndefu akikiri kwamba wapo waliojiona wametapeliwa, akasema kwamba njia pekee aliyobaki nayo ni kuingia studioni, kuimaliza albamu na kuifanya iwe nzuri kadiri ya uwezo wake. Baadaye alisimulia pia kwamba, alipokuwa akisitasita kuhusu kurudi, alizungumza na David Bowie, mwanamuziki mashuhuri wa Uingereza, ambaye alimuuliza kama wazo hilo linamnyima raha, na aliposema ndiyo, Bowie akamjibu kwamba hiyo ni dalili njema. Bowie alifariki tarehe 10 Januari 2016, siku chache tu baada ya kundi kutangaza kurudi, na kivuli chake kimetanda juu ya albamu hii kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Deni hilo limelipwa? Kwa hesabu za sokoni, limelipwa na ziada ikabaki. Albamu iliingia moja kwa moja katika nafasi ya 1 ya Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, nafasi ambayo kundi halikuwa limewahi kuifikia, kwa mauzo ya takriban nakala 85,000 katika wiki ya kwanza. Wahakiki nao wameipokea kwa sauti inayokaribia kuwa moja. Wamesifu jinsi Murphy anavyoutazama uzee bila kujipaka rangi nywele, jinsi anavyoomboleza marafiki waliokufa na urafiki uliokufa, na jinsi sauti ya vinanda vya zamani ilivyorekodiwa kwa unono unaomfanya msikilizaji ahisi kwamba angeweza kuishika. Wameorodhesha pia, kwa raha ambayo mimi naiona imepita kiasi, kila mahali ambapo wimbo fulani unamkumbusha mtu fulani: wimbo wa kwanza unawakumbusha kundi la Suicide, magitaa ya wimbo wa nne yanawakumbusha mpiga gitaa Robert Fripp wakati alipompigia Bowie, na kadhalika. Si uongo. Murphy mwenyewe alijenga jina lake kwa wimbo ambao nusu yake ni orodha ya majina ya wanamuziki, na anayewaalika watu kumtafutia nasaba asishangae wakimtafutia.

Hata hivyo nina shaka kidogo na furaha hii ya wahakiki. Wengi wao walikuwa vijana wakati Murphy alipoanza mwaka 2002, na sasa wana watoto na maumivu ya mgongo. Albamu inayosema kwamba kuzeeka ni jambo la aibu, la kuchekesha na la kutisha kwa wakati mmoja imewapata pale walipo, na baadhi ya sifa walizoiandikia ni barua za kujililia wenyewe. Kijana wa miaka 20 wa mitaa yetu ya Manyatta au Nyalenda akiisikia sifa hiyo atauliza, kwa haki kabisa, yeye ana nini humo.

Hapo ndipo marafiki zangu wa Milimani waliponifaa. Mmoja wao ni mwalimu wa muziki, dada mwenye sikio kali na uvumilivu mdogo. Baada ya nyimbo tatu alitangaza kwamba kila wimbo ungeweza kukatwa dakika mbili bila mtu kulia. Wa pili alikuwa shabiki wa kundi tangu albamu ya mwaka 2007, na bado amekasirika kuhusu mazishi. Alisikiliza akiwa ameikunja mikono, mithili ya mkwe aliyekuja kudai ng'ombe waliobaki. Wa tatu ni mzee wetu, mwenye kabati zima la santuri za benga, muziki wa magitaa wa Waluo, ambaye hakuwa amewahi kulisikia jina la LCD Soundsystem wala hakuona sababu ya kulisikia. Murphy alipoanza kusema maneno yake katikati ya mdundo, nusu akiimba na nusu akinung'unika, mzee aliinua kidole na kuuliza, “Huyu anaimba, au anajisifu?”

Swali hilo lilinifungulia mlango. Anayejua dansi za Kiluo anajua pakruok: muziki unapunguzwa, mtu anasimama, anatoa pesa, anajitaja kwa majina ya sifa, anawataja ukoo wake na rafiki zake, kisha ngoma inarudi kwa nguvu. Murphy anafanya jambo lile lile kinyumenyume. Anaisimamisha ngoma ili ajishushe: ataje nywele zake, hofu zake, marafiki aliowakosea. Nilipomweleza mzee hivyo alicheka na kusema kwamba mtu anayejishusha mbele ya watu wengi naye ni mwenye majivuno, ila amechagua njia ndefu. Sijasoma uhakiki wowote uliomweleza Murphy vizuri kuliko huo.

Sasa nizungumzie urefu, kwa sababu ndilo lalamiko ambalo nimelisikia zaidi, hapa kwetu na kwingineko. Albamu ina nyimbo 10 na inachukua dakika 68 na sekunde chache. Wimbo mfupi kuliko zote unakaribia dakika 5, na wa mwisho unazidi 12. Niliamua kuipima kwa safari ninayoijua vizuri, matatu ya kutoka kituo cha Kisumu hadi Kakamega, yapata kilomita 50. Mchana wenye msongamano wa kawaida na abiria wa kushuka kila mahali, safari hiyo inakaribiana na albamu kwa muda.

“oh baby” ilitutoa kituoni taratibu, kinanda chake kikidundadunda mithili ya moyo wa mtu aliyelala, na ni wimbo mzuri wa kutoka nao mjini. Wa pili na wa tatu zilipita kati ya Kondele na Mamboleo bila kunishika sana, isipokuwa pale Nancy Whang anapoingia kusema ubeti wake kwa sauti kavu ya karani aliyechoka. “change yr mind” ina magitaa yanayokwaruza vizuri, lakini haiendi popote, na nadhani wanaolalamika kwamba nusu ya kwanza inajivuta wanakumbuka eneo hili.

Kisha matatu ikaanza kupanda kilima kuelekea Kiboswa, na “how do you sleep?” ikaanza. Wimbo huu una dakika 9. Mwanzoni kuna ngoma tu, nzito, zinazopigwa kana kwamba ziko upande wa pili wa bonde, na sauti ya Murphy ikilia kwa mbali kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Wahakiki wengi wameuelewa kuwa ni wimbo kwa mwanzilishi mwenzake wa DFA ambaye walitengana kwa ubaya, na jina lake ni lile lile la wimbo ambao John Lennon alimshambulia nao Paul McCartney, mwenzake wa zamani wa Beatles, mwaka 1971, kwa hiyo hakuna aliyedhani ni salamu za Krismasi. Kwa zaidi ya dakika 3 hakuna besi. Dereva alikuwa bado na gia ndogo, injini ikinguruma, mama aliyeketi karibu nami akiwa amempakata kuku wake. Halafu kinanda cha besi kikashuka, kinene, kichafu, na kila kitu kilichokuwa kimezuiliwa kikaachiliwa.

Dada mwalimu alisema dakika hizo tatu za mwanzo ni za kupoteza. Mzee wa benga, tulipoupiga tena Jumapili iliyofuata, alinyamaza, akafunga macho, na besi iliposhuka akapiga goti lake mara moja na kusema, “Sasa.” Kwake hakukuwa na jipya. Santuri nyingi za benga alizonazo zina wimbo uliogawanywa pande mbili: upande wa kwanza mwimbaji anatoa habari zake, na upande wa pili magitaa yanachukua nafasi, besi inakaza, maneno yanapungua na wachezaji wanapata walichokijia. Anayeuondoa upande wa kwanza ili afike haraka kwenye wa pili atakuta kilele kisicho na mlima. D.O. Misiani na Shirati Jazz walilijua hilo vizuri, na wateja wao hawakumwandikia mtu barua kulalamika kwamba mwimbaji alikawia.

Hiki ndicho ninachokiona katika albamu hii na ambacho sikuona wahakiki wakikipa uzito unaostahili. Wameshughulikia maneno yake, umri wake na wafu wake, na wameutaja urefu kwa kuomba radhi, kana kwamba ni gharama unayolipa ili uupate ujumbe. Kwangu kusubiri kwenyewe ndiko muziki. Mtu aliyelelewa na ohangla, ngoma ya Waluo, ya usiku kucha haoni dakika 9 kuwa nyingi. Anauliza tu kama aliyemchelewesha alikuwa na kitu mkononi. Katika “how do you sleep?” alikuwa nacho. Katika “other voices”, wimbo wa pili, alikuwa na nusu yake. Katika “emotional haircut”, ambao ni mzaha wa panki kuhusu mtu mzima anayekata nywele ili apate nafuu ya moyo, hakuwa na kitu, na wimbo huo ndio pekee ninaouruka.

Nusu ya pili ya albamu ndiyo inayoshika. “tonite” inanguruma kwa kinanda kilichokazwa kama waya wa nguo huku Murphy akilalamika kwamba nyimbo zote za redioni zinaimba usiku wa leo tu, kana kwamba hakuna kesho. Ni wimbo wa kucheza unaowagombeza wachezaji, na bado miguu inatii. Kijana niliyemtaja wa Nyalenda aanzie hapa. Baada ya Mbale ikaja “call the police”, karibu dakika 7 za magitaa yanayopanda bila kupumzika. Wimbo huu ulitoka Mei, lakini mimi niliusikia kwa makini Septemba, katika mji ambao mwezi uliotangulia haukuhitaji kuwaita polisi, walikuja wenyewe. Sidai kwamba Murphy alikuwa na Kondele akilini. Nasema tu kwamba jina la wimbo husafiri na kubadilika njiani, na kwamba abiria wenzangu wangelisikia wangeguna. Wimbo uliobeba jina la albamu unaufuata kwa mwendo wa hesabu ya tatu, polepole, kama wimbo wa kanisani uliopotea njia na kuamkia chumba cha mtu usiyemjua.

Kabla ya kufika Kakamega nilikuwa na malalamiko mawili zaidi. Sauti ya Murphy mara kadhaa imezikwa chini ya vinanda, na kwa spika ndogo za kawaida, za simu au za redio ya duka, besi ya wimbo wa tano haisikiki kabisa. Wimbo unabaki kuwa mtu anayepiga kelele bondeni. Amplifaya yangu ya mtumba kutoka soko la Kibuye iliutendea haki, simu haikuweza. Na jalada, lenye anga la buluu na jua, linafanana na kalenda ya duka la dawa za mifugo. Mashabiki wamelicheka sana, na kwa hili niko nao.

“black screen” ilianza tukiwa tumeshaipita Khayega. Inaeleweka kwamba ni wimbo kwa Bowie, ingawa jina lake halitajwi, na ni hapa ambapo aliyekasirishwa na mazishi ya uongo anakutana na mazishi ya kweli. Murphy anaeleza aibu ya mtu aliyepewa nafasi ya kuwa karibu na mkubwa wake akaogopa kuitumia, na sasa amebaki na barua pepe za zamani. Hapaazi sauti, hajipigi kifua. Mpiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Waluo, anapoitwa msibani humtaja marehemu kwa majina yake yote na kuwataja waliobaki, ili kila mtu ajue ni nani aliyeondoka. Huyu amechagua kuomboleza kwa kutomtaja, na kwa dakika zilizobaki anakiacha kinanda kiseme peke yake. Rafiki yetu mwenye mikono iliyokunjwa aliikunjua katika wimbo huu. Hajamsamehe Murphy, alisema, lakini angalau sasa anajua kwamba jamaa anaufahamu msiba.

Yeye sasa anatafuta santuri ya albamu hii. Dada mwalimu amebaki na nyimbo nne, “tonite” ikiwa ya kwanza, na amezikata mwenyewe kwa programu ya kompyuta ili azitumie darasani, kosa ambalo nimemwambia ana kwa ana kuwa ni kosa. Mzee ameniomba nimwekee wimbo wa tano kwenye flashi, baada ya santuri mbili za benga alizonipa nimhamishie humo, na amesema hizo tisa nyingine nibaki nazo.